Nusu ya Somo

Feni ndiyo iliyoanza ugomvi. Ilining'inia kwenye dari ya chumba cha mafunzo pale kliniki ya kisukari, panga lake moja limepinda, na kila ikizunguka ilikwaruza, kwaa, kwaa, kama kuku anayetaka kutaga akaghairi. Watu wazima waliuzoea ule mlio hata kabla hawajakaa vizuri. Refa hakuuzoea. Alikaa katikati ya baba yake na mama yake kwenye benchi, viganja vimeziba masikio, macho ameikodolea feni, na kila baada ya muda akauliza kwa sauti ya kutangaza:

"Itazimwa saa ngapi?"

"Ikichoka," baba yake alimnong'oneza.

"Feni haichoki. Feni ni mashine."

Benchi la nyuma likacheka. Baba yake naye akacheka, maana kicheko kilikuwa ndio mwavuli wake, mvua yoyote ikinyesha anaufungua. Alikuwa mchora mabango, na mtaani walimwita Doa, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila tone la rangi mahali fulani: sikioni, kwenye nyusi, siku moja kwenye jino. Binti yake alikuwa na miaka tisa. Jina la Refa alipewa na majirani, kwa sababu hakuna kosa lililompita. Ukikatiza foleni bombani, ukisema "nakuja sasa hivi" halafu usije, ukivaa ndala ya kushoto mguu wa kulia, utamsikia tu: "Faulo!" Wataalamu waliliita jambo lake usonji. Na sasa kisukari nacho kilikuwa kimeingia, kama mgeni wa pili anayepiga hodi kabla wa kwanza hajaonyeshwa pa kulala.

Nesi aliyekuwa akifundisha alibana saa kifuani na kuongea mbio mbio, kama mtu anayewahi mlango usifungwe. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na maandishi makubwa: KUULIZA SI UJINGA. Doa aliyatazama kwa jicho la kazi. Herufi za mwisho zilikuwa zimebanana, dalili kwamba aliyeandika hakupima ukuta kwanza.

"Adui yetu ni nani?" nesi aliuliza.

"Sukari!" darasa likaitikia.

"Sukari ikipanda inaua macho, inaua figo, inaua miguu. Ukiona namba inapanda, jua unakufa taratibu."

"Kila mtu anakufa taratibu," Refa alisema.

Kicheko kikapanda tena. Nesi hakucheka. "Mama, naomba umtulize mwanao. Nipeni dakika moja nimalize hapa, kisha tuingie sehemu ya pili, ambayo ni muhimu kuliko yote."

Refa akaangalia saa ya ukutani. Akaiangalia mpaka mshale ulipozunguka. "Dakika imekwisha," akatangaza. Nesi akaendelea na figo. "Imekwisha tena."

"Sasa hii siyo," nesi alisema, akaweka chaki chini. "Nina ukumbi mzima hapa, na mimi ni mmoja. Mtoto huyu anawasumbua wenzake. Mtoeni nje apunge upepo."

"Anasikiliza, nesi," mama yake Refa alisema. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja, mwanamke wa maneno machache. "Ndivyo anavyosikiliza."

"Ameziba masikio!"

Hapo chumba kizima kiliangua kicheko. Mama Refa alimgeukia mumewe, akamwambia chini chini: "Mimi nitatoka naye. Wewe kaa usikilize."

Lakini Doa alishasimama. Uso ulimwaka kana kwamba amepigwa kofi. Akafungua mwavuli wake: "Haya jamani, refa keshapuliza kipenga. Mpira umekwisha, twendeni nyumbani." Watu wakamcheka yeye sasa, na hiyo ilimpa nafuu kidogo. Refa alishika ukingo wa benchi, ikabidi wambandue kidole kimoja kimoja. Mlangoni mhudumu akawapa kijitabu. "Kila kitu kimo humo," akasema, akafunga mlango nyuma yao.

Sehemu ya pili ikaanza bila wao.

&nbsp;

Kijitabu kiliandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na maneno yake mengine yalikuwa marefu hivi kwamba ukifika mwisho umesahau mwanzo. Mama Refa alijitahidi kurasa za mwanzo, akakuta yale yale: adui, macho, figo. Akakichomeka nyuma ya kioo cha ukutani pale nyumbani, namba ya simu ya kliniki ikiwa imeangalia nje.

"Hiki mtoto hawezi kukielewa," Doa alisema. "Hata mimi siwezi. Mwachie fundi."

Na kwa kweli, fundi alikuwa fundi. Alijua jambo moja kuhusu binti yake ambalo hata shule ilikuwa haijalijua: Refa hakuamini midomo, aliamini vibao. Mdomo unasema "kesho tutaenda" na kesho haiji. Kibao kikisema USIPITE HAPA, kinasema hivyo asubuhi, kinasema hivyo jioni, mvua, jua. Basi Doa akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi nyembamba, akaanza. Kila chenye utamu ndani ya nyumba kilipigwa alama ya kuzidisha, nyekundu, nene. Chupa ya soda, alama. Ndizi kikapuni, kila moja alama. Ukutani, juu ya kopo la sukari, alama, na chini yake akaandika: HAPANA KABISA. Karibu na mlango wa jikoni akachora picha nne zilizofuatana: kidole kinachopimwa, namba kwenye kipimo, sindano, sahani ya chakula.

Refa alisimama nyuma yake muda wote, anarukaruka kwa vidole vya miguu. Ndivyo alivyofurahi. Mtoto aliyekuwa akijificha chini ya kitanda akiiona sindano, sasa alisimama mwenyewe mbele ya picha ya tatu, akainua nguo, akasema: "Tatu." Akachomwa. Akasema: "Nne." Wakaenda kula. Mama Refa aliyatazama hayo siku ya kwanza, akaingia chumbani akalia peke yake, machozi ya shukrani.

Doa alipoona mambo yamenyooka, akazidisha. Si ndiyo tabia yake? Akachukua kipande cha ubao mweusi akakigeuza ubao wa matokeo: REFA upande huu, SUKARI upande ule. Namba ya kipimo ikishuka kuliko ya jana, bao la Refa. Ikipanda, bao la Sukari. Walianza na kumi na saba. Ikaja kumi na nne. Ikaja kumi na moja, Doa akazunguka ua mzima mikono juu kama aliyefunga penalti. Ikafika nane, na hata Bibi, mama yake Doa, ambaye tangu sukari ipigwe marufuku alikuwa akinywa chai huku amekunja uso kama anakunywa dawa ya minyoo, akajikuta anapiga makofi.

"Mwisho wake wapi?" Bibi aliuliza.

"Sifuri!" Refa akajibu.

"Sifuri! Sifuri!" wakaimba wote watatu, Bibi akikata kiuno alichosalia nacho.

Mama Refa peke yake hakuimba. "Nesi alisema sehemu ya pili ndiyo muhimu kuliko yote," alisema.

"Mke wangu, mtoto anashinda. Unataka sehemu ya pili ya nini? Kombe tunalo."

Refa akawa mlinzi wa sheria. Soda akaimwaga kwenye mtaro. Kopo la sukari nalo likafuata, na sisimizi wa mtaa huo nadhani hawakuwahi kushiba vile. Jirani aliyekuja na maandazi alirudishwa nayo mlangoni. Ukiondoa ndizi za wakubwa, nyumba ikabaki haina chembe ya utamu, isipokuwa maneno ya Doa.

&nbsp;

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, adhuhuri. Mama Refa alikuwa bado kwa dobi. Maharage yalikuwa jikoni yanachemka, Doa akampima mtoto, akamchoma, Refa akasema "Nne," akaenda kukaa mezani na kijiko chake mkononi. Hapo hapo gesi ikakata. Doa akatikisa mtungi, mtupu. Akabonyeza harage moja kwa kidole: gumu kama kokoto.

"Dakika kidogo, mwanangu," alisema, na kabla hajamaliza kusema, mteja akaingia uani na haraka zake. Alitaka kibao, TUMEHAMIA NYUMBA YA PILI, na alikitaka jana. Doa akajisemea atamaliza upesi kisha akope jiko kwa jirani. Mtu wa brashi akianza herufi ya kwanza, dunia nyingine inakaa pembeni. T ilikwenda vizuri. U ilikwenda vizuri. Bibi alisinzia barazani. Ndani, Refa alikaa mbele ya sahani tupu. Ndizi zilikuwa pale pale mezani, zimeiva, kila moja na alama yake nyekundu. Hakuzigusa. Hakuita mtu. Picha ya nne ilikuwa chakula, na chakula kilikuwa bado.

Mama Refa ndiye aliyemkuta. Aliingia na mkoba begani, akasimama ghafla. Mtoto alikuwa amelowa jasho mpaka kola, midomo imekuwa rangi ya majivu, kijiko kinagonga sahani ti-ti-ti kwa mtetemo wa mkono.

"Baba Refa! Mtoto ana nini?"

Doa akaja mbio, brashi mkononi. "Pima! Tumpime!"

Wakampima. Namba ikatokea: mbili nukta saba.

Doa akaitazama mara mbili. Kisha, Mungu amsamehe, akaruka. "Mbili! Mbili nukta saba! Mama, amka, mjukuu wako kavunja rekodi!"

"Mbili?" Bibi akaja anajikongoja. "Karibu na sifuri kabisa!"

Refa aliinuka kwenda kuandika ushindi wake. Akashika chaki. Akaandika mbili nje ya mstari, nukta akaiweka chini kabisa, saba akaiandika imeangalia nyuma. Mtoto ambaye kiatu kikikaa upande halali usingizi, aliiacha hivyo hivyo, akageuka, akagonga ukuta kwa bega. Halafu akaanza kulia kwa hasira, bila sababu, akaupiga ubao kwa ngumi.

Mama Refa alimshika mumewe mkono. "Huku siyo kushinda. Mwangalie. Mwangalie usoni!"

Doa akamwangalia, na mruko wote ukamwisha miguuni. "Basi kipimo kinadanganya," alisema upesi. "Betri. Mtoto anaumwa, na ugonjwa wake si tunaujua? Sukari imepanda, kipimo kimekufa. Tumuongeze sindano."

"Si ulishamchoma?"

"Nilimchoma, lakini si unaona haikutosha!"

Alishaitoa sindano kwenye boksi. Alishaichomeka kwenye kichupa, dawa inapanda. Mkono wa kupiga pasi ni mkono wenye nguvu. Ulimkamata kifundo akashindwa kuusogeza.

"Una hakika?" mkewe alimuuliza.

"Nina hakika kama..." Doa akatafuta mzaha wa kumalizia. Kwa mara ya kwanza maishani mwavuli haukufunguka.

"Hujui," Mama Refa alisema. "Na mimi sijui. Tulisikia nusu. Weka hiyo sindano chini, Baba Refa, usije ukamuua mtoto kwa hiyo nusu."

Akaiweka chini. Mama Refa akachomoa kijitabu nyuma ya kioo, akapiga namba, akaweka spika.

&nbsp;

Iliita, ikaita, ikapokewa. "Kliniki, subiri kidogo."

"Sisubiri!" Mama Refa alisema. Hata mumewe alishtuka. "Mtoto anatetemeka, ana jasho, kipimo kinasema mbili nukta saba!"

Ikajibu ile sauti ya mbio ya nesi, waliyoifahamu wazazi wote wawili: "Amechomwa insulini?"

"Amechomwa."

"Amekula?"

"Bado."

"Mpeni sukari. Sasa hivi. Vijiko vitatu kwenye maji, au soda, au asali, chochote kitamu."

Doa aliinamia simu. "Nesi, sukari? Si ulisema ndiye adui..."

"Baba, sukari yake imeshuka mno, ubongo unakosa chakula! Mpe sasa, mimi utanigombeza baadaye."

Mpe. Ampe nini? Soda ilikuwa mtaroni, sukari ilikuwa mtaroni. Ndizi zile, Doa alizipapasa, akaogopa kitu cha kutafuna kitamkaba mtoto anayetetemeka vile. Alikuwa keshageuka akimbilie dukani Bibi aliposema, "Ngojeni," akaingia chumbani kwake. Wakasikia kitanda kinasogezwa. Akatoka na kopo la poda ya kujipaka, akalifungua. Ndani, sukari, nyeupe, nusu kopo.

"Msiniulize," Bibi alisema, macho chini. "Chai bila sukari ni maji ya kuoshea vikombe."

"Faulo," Refa alisema kutoka sakafuni alikokuwa ameketi. Sauti ilikuwa nzito, ulimi kama umevimba. "Bibi. Faulo."

Mama Refa alikoroga vijiko vitatu kwenye kikombe, akapiga magoti. "Kunywa, mama yangu. Kunywa uone nafuu."

Refa alifumba midomo. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye alama nyekundu.

"Baba ndiye aliyechora," Doa alisema, akachuchumaa. "Na Baba anasema kunywa."

"Kibao hakijasema."

"Kibao ni changu! Nimekichora kwa mkono huu!"

"Wewe ni Baba. Wewe siyo kibao."

Mama yake akajaribu kumshika kidevu. Refa, ambaye hata kuchanwa nywele ni vita, alipiga ukelele na kutupa kichwa nyuma. Kikombe kikapinduka, maji matamu yakamwagika kwenye nguo. Bibi akasema, "Mlazeni chini, mbaneni pua, atameza tu, sisi tulilelewaje?"

"Hapana!" simu ikafoka. "Akipiga kelele msimmiminie, atapaliwa. Na akizimia msimtie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Bado anajibu?"

"Anajibu," Doa alisema. "Anajibu mno."

Mkewe alishaanza kukoroga kikombe cha pili. Doa aliichukua simu mezani, akaiweka sakafuni karibu na goti la binti yake. Kisha akaiinamia, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima haukuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na hata punje ya utani:

"Nesi, zungumza naye wewe. Wewe ndiye uliyetoa sheria. Sema sentensi moja. Fupi. Halafu nyamaza. Yeye atajibu, ndipo useme nyingine."

"Baba, hatuna muda wa..."

"Ukienda mbio utampoteza. Siku ile alikuwa anakusikiliza. Leo msikilize wewe."

Simu ikavuta pumzi. Ilipozungumza tena, ilizungumza kama mtu anayetembea juu ya mayai.

"Refa. Mimi ni nesi wa kliniki."

"Mwenye feni," Refa alisema.

"Mwenye feni. Sukari ikiwa juu, tunachoma sindano."

"Najua."

"Sukari ikiwa chini, tunakunywa sukari."

Kijasho kilimtiririka Refa kwenye pua, kikaning'inia. Macho yalikuwa yanatafuta mahali pa kushika. Mama yake aliuma kanga asiseme neno.

"Chini ya ngapi?" Refa aliuliza.

"Chini ya nne."

"Mbili ni chini ya nne."

"Ndiyo. Mbili ni chini ya nne."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema kwenye sehemu ya pili."

"Sisi tulikuwa nje."

"Mlikuwa nje."

"Nani alitutoa?"

Doa alifumba macho. Kwenye simu ilisikika, mbali, ile feni, kwaa, kwaa.

"Mimi," nesi alisema. "Niliwatoa mimi. Na sehemu ya pili ni sheria, sawasawa na ya kwanza. Kunywa, Refa."

Refa aliinua uso kumtazama baba yake. Ilikuwa kazi, uso ule ulikuwa unaelemea. "Andika," alisema.

Brashi ilikuwa bado kiganjani mwa Doa, ina rangi nyeusi ya yule mteja wa nyumba ya pili. Aliufikia ukuta kwa hatua moja. Amechora mabango ya maduka, ya saluni, ya shule, ya makanisa na misikiti, kila mara akipima ukuta kwanza. Leo hakupima. Akaandika, haraka haraka, karibu na alama yake mwenyewe nyekundu: CHINI YA 4, KUNYWA SUKARI. Rangi ikachuruzika kutoka kwenye kila mguu wa herufi.

Refa akasoma. Midomo ilitembea polepole, neno, neno. Ilipofika la mwisho ikasimama.

"N imepinda," akasema, akafungua mdomo.

&nbsp;

Alikunywa kikombe chote, mama yake akikishika chini bila kugusa kidevu. Nesi akasema wasubiri robo saa kisha wapime tena, na hakukata simu. Robo saa ile ilikuwa na urefu wa mwaka wa njaa. Bibi alibeba sufuria ya maharage kichwani akaenda kuyamalizia kwa jirani, yule wa maandazi, na jirani, bila kinyongo, akasema, "Lete tu, moto hauna kisasi." Mteja alichungulia uani akauliza kibao chake. Hakuna aliyemjibu, akaondoka amenuna.

Wakapima. Tatu nukta nane. Doa alimtazama mkewe, mkewe alitazama simu, lakini Refa alikuwa mbele yao wote. Alinyoosha mkono. "Chini ya nne. Kunywa."

Safari ya tatu kipimo kilisema tano nukta moja. Midomo ya mtoto ilikuwa imerudi rangi yake. Mama Refa aliketi sakafuni pale pale, mkoba wa kazini ukiwa bado begani.

"Sasa ale chakula," nesi alisema. "Sawa jamani. Mmefanya vizuri kupiga. Watu wengi huongeza sindano wakidhani sukari imepanda. Tungekuwa tunazungumza mengine sasa hivi."

Doa aliitazama sindano iliyolala juu ya meza, imejaa, inang'aa. Akaichukua, akaenda kuimwaga, akarudi.

"Kuna mengine ambayo hukusema?" Refa aliiuliza simu.

"Yapo. Ya siku ukiumwa homa. Ya siku ukicheza sana. Yapo mengi."

"Sema."

"Njooni Jumatano darasani, nitayasema yote."

"Tutakaa ndani?"

"Mtakaa ndani."

"Mpaka mwisho?"

Nesi alisita. Alikuwa na ukumbi uliojaa, na alikuwa mmoja, hilo halikuwa limebadilika. "Mpaka mwisho," alisema. "Na feni nitaizima."

"Watu watasikia joto."

"Basi wasikie."

Refa akaridhika, akakata simu bila kuaga. Salamu za kuagana aliziona ni upotevu wa maneno.

Chakula kikaja, kinafuka moshi. Doa akajaza sahani, akaketi mbele ya binti yake. Aliona haya hata kumtazama. Ubao wa matokeo alikuwa keshaushusha, ameuegemeza ukutani umegeuka nyuma, lakini Refa aliufuata, akaugeuza, akafuta ile mbili nukta saba kwa kiganja, taratibu, mpaka ikabaki vumbi.

"Bao hili lilikuwa la nani?" aliuliza.

"La Sukari," Doa alisema. "Tulishangilia bao la kufungwa."

"Faulo ya nani? Ya nesi?"

"Ya nesi. Na yangu."

"Faulo moja haiwi ya watu wawili."

Doa alichezea kijiko. Mkewe alikuwa mlangoni, anasikiliza, hakumsaidia. "Basi ni yangu," alisema. "Mama yako aliniambia nikae nisikilize. Nikainuka."

"Kwa nini uliinuka?"

"Walikuwa wanatucheka."

Refa alitafuna, akameza. Alikuwa mtu wa kumaliza jambo moja kabla ya kuanza jingine.

"Mimi walinicheka kwanza," alisema. "Mimi nilitaka kubaki."

Doa aliweka kijiko chini. Alikumbuka vile vidole kwenye ukingo wa benchi, jinsi alivyovibandua kimoja kimoja akidhani ni ukaidi.

"Jumatano watacheka tena," Refa alisema.

"Wanaweza kucheka."

"Utainuka?"

"Sitainuka."

"Hata wakicheka sana?"

"Hata wakicheka wakaanguka chini."

Refa alimtazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama anayesoma. Kisha akavuta sahani karibu, akarudi kwenye maharage yake.

"Tutaona Jumatano," alisema.